Inakataa kuwaka, ikiwaka inaganda: kisa cha kompyuta ya sebuleni huko Gungu, Kigoma

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, mtumba wa Ulaya, madabodi yake, yaani bodi kuu inayobeba vifaa vyote, ni ya mwaka 2008. Ina prosesa ya Core 2 Duo ya GHz 2.33, ramu ya GB 2 katika vipande viwili vya DDR2, diski kuu (hard disk) ya SATA ya GB 160 na pawa saplai ya wati 300. Ndani kulikuwa na Windows 7. Imewekwa sebuleni, kati ya kochi na dirisha linalotazama jiko la nje, na inatumiwa na nyumba nzima. Mzee, mwalimu mstaafu, anaandikia mihtasari ya kikoba, mama anahifadhi picha za familia, na watoto wawili wanasoma mitihani ya miaka iliyopita.

Malalamiko yalikuja yamefungwa pamoja kama mzigo wa kuni: haiwaki vizuri na inaganda. Asubuhi ukibonyeza kitufe feni zinazunguka lakini kioo kinabaki cheusi. Unazima, unawasha tena, na mara ya pili au ya tatu inakubali. Ikishakubali, inafanya kazi robo saa au saa nzima, kisha inaganda mpaka uishikilie kitufe kwa nguvu izime. Juu ya hayo, tarehe inarudi 2007 kila baada ya siku kadhaa, na kurasa za intaneti zinakataa kufunguka kwa madai kwamba si salama.

Kabla ya hapo ilishapelekwa kwa mafundi mara mbili, na mara zote mbili dawa ilikuwa moja: ikapigwa windo, yaani Windows ikawekwa upya. Ilikaa sawa wiki tatu mara ya kwanza, siku tisa mara ya pili. Picha zilizokuwa kwenye ukurasa wa mbele wa kompyuta (desktop), ulio sehemu ya C ya diski, zilipotea katika raundi ya kwanza. Zilizokuwa kwenye sehemu ya D zilipona kwa sababu fundi alifomati C peke yake.

Kisa hiki kinafaa kuandikwa kwa kirefu kwa sababu ya hizo wiki tatu na siku tisa. Dawa inayofanya kazi kwa muda mfupi, halafu kwa muda mfupi zaidi, inasema jambo kuhusu ugonjwa, na tutalirudia mbele.

Maswali kabla ya bisibisi

Neno “inaganda” halitoshi. Kompyuta inaweza kuganda kwa namna mbili zisizohusiana kabisa, na mwenye nyumba anaweza kuzitofautisha bila kifaa chochote akiulizwa vizuri.

“Mama, ikiganda, mshale wa mausi huwa bado unatembea?”

“Siku nyingine unatembea, mwanangu, ila ukibofya hakuna kinachofunguka. Siku nyingine kinakufa kila kitu. Hata kama kwaya inaimba, inang’ang’ania neno lile lile.”

“Na ile taa ndogo ya mbele inayopepesa?”

“Hiyo sijawahi kuitazama.”

Taa hiyo ndiyo shahidi bora wa kompyuta ya zamani. Inawaka kila mara diski inaposomwa au kuandikwa. Mshale ukiwa unatembea huku taa imewaka moja kwa moja bila kupepesa kwa nusu dakika au zaidi, prosesa na ramu ziko hai, zinasubiri jibu kutoka kwenye diski, na diski inarudia kusoma mahali pasiposomeka. Mshale ukisimama, sauti ikakwama, na kitufe cha Num Lock kwenye kibodi kikawa hakiwashi wala kuzima kitaa chake, basi mfumo mzima umekufa. Hapo washukiwa ni umeme unaoingia, ramu, joto au madabodi. Windows haiwezi kutoa ripoti ya kifo cha namna hiyo, kwa sababu imekufa pamoja na vingine vyote.

Familia ilipewa daftari la kuandika kwa siku nne mambo matatu tu: saa, mshale na taa. Matokeo yalikuwa migando kumi na moja. Katika nane, mshale ulitembea na taa ilibaki imewaka, na saa zilitofautiana. Katika mitatu, kila kitu kilikufa, na yote mitatu ilitokea kati ya saa moja na saa nne usiku. Asubuhi zote nne kompyuta ilikataa kuwaka mara ya kwanza.

Daftari la shilingi mia chache liliutenganisha ugonjwa kabla kompyuta haijafunguliwa. Kulikuwa na tatizo la diski, kulikuwa na tatizo la umeme linalozidi usiku, na kulikuwa na ile tarehe. Mafundi wengi hawaulizi maswali haya kwa kuwa mteja ana haraka, na wao wenyewe wana foleni. Lakini kuuliza kunachukua dakika kumi, na kupiga windo kunachukua saa mbili.

Mafaili kwanza

Ikishajulikana kwamba diski ni mshukiwa, hakuna kingine kinachofanyika mpaka yaliyomo yatolewe. Kila dakika diski mbovu inapozunguka inaweza kuwa ya mwisho, na kuweka Windows upya juu yake ni kuibebesha mzigo wa kuandika gigabaiti nyingi wakati inakata roho.

Kosa la kawaida hapa ni kuokoa mafaili kwa kutumia kompyuta ile ile. Hii ilikuwa na shaka ya umeme, na ikizima katikati ya kazi inaweza kuimaliza diski. Kwa hiyo diski ilitolewa, ikaunganishwa kwenye laptopu kwa adapta ya SATA kwenda USB. Adapta lazima iwe ile yenye chaja yake ya ukutani. Diski ya kompyuta ya mezani inahitaji volti 12 ili izunguke, na tundu la USB linatoa volti 5 tu. Ukiiunganisha kwa waya wa diski za laptopu itatoa mlio wa kujaribu na kushindwa, na wengi huihukumu imekufa papo hapo.

Laptopu iliwashwa kwa Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, inayofanya kazi moja kwa moja kutoka kwenye flashi, si kwa Windows. Windows ikiona diski yenye hitilafu hupenda kuikarabati bila kuombwa, au kuuliza kama uifomati, na mkono mmoja wenye haraka unatosha kubofya ndiyo.

Kwanza ikasomwa hali ya diski kwa programu ya smartctl. Orodha yake ni ndefu, ila namba za kutazama ni chache. Kipengele namba 5 ni sekta, yaani vipande vidogo vya diski, ambazo diski imeshazihamisha kwa kuwa zimeharibika: hapa zilikuwa 112. Namba 197 ni sekta zinazosubiri hukumu, yaani diski imeshindwa kuzisoma na haijazihamisha bado: 48. Namba 199 huhesabu makosa ya kwenye waya, nayo ilikuwa sifuri, kwa hiyo waya wa SATA haukuwa na hatia. Namba 9, saa za kazi, ilionyesha zaidi ya 31,000. Mstari wa jumla bado ulisema diski imefaulu. Mstari huo usikutulize hata kidogo, kwa sababu diski nyingi hufa zikiwa na cheti cha kufaulu. Namba 197 ikiwa juu ya sifuri na inapanda, diski hiyo haifai tena kuaminiwa na picha za mtu.

Kunakili kulifanywa na ddrescue, si kwa kuburuta mafolda. Ukiburuta, mfumo unakwama kwenye sekta mbovu ya kwanza na kuirudia bila kukoma. Programu hii inaruka penye ubovu, inachota kwanza kila kinachosomeka kirahisi, halafu inarudi kwenye magumu. Amri zilikuwa mbili:

ddrescue -d -n /dev/sdb diski.img ramani.map

ddrescue -d -r3 /dev/sdb diski.img ramani.map

Ya kwanza inapita haraka bila kung’ang’ana, na ya pili inarudi mara tatu kwenye sehemu zilizobaki. Jina la sdb linahakikishwa kwanza kwa amri ya lsblk, kwa kulinganisha ukubwa: diski ya GB 160 huonekana kama GB 149, kwa kuwa hesabu inatumia vizio vya 1,024. Nakala ilielekezwa kwenye faili moja kubwa ndani ya diski ya nje ya GB 500, si moja kwa moja juu ya diski nyingine, ili hata mtu akikosea herufi asifute diski yenye mali. Diski ya nje isiwe ya mfumo wa FAT32, maana huo haupokei faili lililozidi GB 4, na kazi itakatika mapema bila sababu inayoeleweka.

Faili la ramani ndilo linaloifanya njia hii ifae mahali ambapo umeme hukatika. Ulikatika mara moja saa tano asubuhi. Laptopu ilibaki hai kwa betri yake lakini adapta ilizimika. Umeme uliporudi, amri ile ile ilirudiwa na kazi ikaendelea pale ilipoishia. Kwa waya wa USB 2.0, unaopitisha kama MB 30 kwa sekunde, GB 160 zilistahili kuchukua saa moja na nusu. Pamoja na sekta mbovu zilichukua saa tatu na dakika kumi.

Mwisho zilibaki sekta 41 zisizosomeka. Kila sekta ni baiti 512, kwa hiyo hasara yote ilikuwa kama KB 21. Ilianguka kwenye faili moja la Windows na kwenye video ya harusi, ambayo sasa inaruka kidogo wakati wa kukata keki na kuendelea. Kutoka kwenye nakala hiyo, programu ya PhotoRec ilifukua pia sehemu ya picha zilizofutwa na fomati ya kwanza. Zilirudi bila majina na bila mpangilio, na si zote. Zile ambazo Windows mpya ilikuwa imeandikwa juu yake hazikurudi.

Sasa wiki tatu na siku tisa zinaeleweka. Fomati ya haraka haikagui sekta. Inafuta daftari la majina tu, kisha Windows mpya inaandikwa, na mafaili yake yanaweza kuangukia sehemu nzima za diski. Kompyuta inaonekana imepona. Siku inapogusa tena eneo bovu, inaganda. Eneo hilo linapanuka kadiri muda unavyokwenda, ndiyo maana nafuu ya pili ilikuwa fupi kuliko ya kwanza.

Umeme wa ukutani na wa ndani ya boksi

Soketi ilipimwa kwa mita mara tatu kwa siku moja. Asubuhi ilisoma volti 228, mchana 219, saa mbili usiku 178. Kigoma ilitegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi kabla ya kuunganishwa na gridi ya taifa, na wakazi wake wanajua taa inavyofifia jioni pasi na majiko vinapowashwa mtaa mzima. Kiwango cha nchi ni volti 230. Pawa saplai nzima inaweza kuvumilia upungufu huo kwa tabu. Iliyochoka haiwezi.

Tahadhari moja haiwezi kusubiri. Nyuma ya pawa saplai nyingi za zamani kuna swichi ndogo nyekundu yenye 115 na 230. Wapo wanaoshauri kuiweka 115 umeme ukiwa mdogo. Usifanye hivyo hata siku moja. Volti 178 kwenye mpangilio wa 115 zinatosha kuilipua, na umeme ukirudi 230 ghafla italipuka kwa uhakika.

Kompyuta ikiwa imewaka, ncha za mita ziliingizwa kwenye kiunganishi kikubwa cha pini nne kilichokuwa wazi: waya mweusi na wa njano kwa volti 12, mweusi na mwekundu kwa volti 5. Ruhusa ni asilimia 5 juu au chini, yaani mstari wa 12 uwe kati ya 11.4 na 12.6, na wa 5 uwe kati ya 4.75 na 5.25. Asubuhi, kompyuta ikiwa imetulia, mstari wa 12 ulisoma 11.7. Saa mbili usiku, video ikichezwa, ulisoma 11.1. Huo ndio mgando wa pili, ule wa kila kitu kufa.

Na kukataa asubuhi? Pawa saplai ikiwashwa inatakiwa kutuliza volti zake, kisha kutuma kwenye madabodi ishara kupitia waya wa kijivu kwamba nguvu iko sawa. Ishara hiyo huja kati ya milisekunde 100 na 500. Isipofika, madabodi inabaki imeshikiliwa: feni zinazunguka kwa kuwa volti 12 ipo, lakini prosesa haijaanza kazi na kioo ni cheusi. Kapasita, vile vikopo vidogo vinavyohifadhi chaji na kutuliza volti, zikichoka hushindwa kazi hiyo zikiwa baridi. Zikipata joto kidogo kwa jaribio la kwanza na la pili, la tatu linafaulu. Ukiona kompyuta inayokataa ikiwa baridi na kukubali ikipashwa, anza na kapasita, si na Windows. Windows ilikuwa bado haijaguswa hata na herufi moja.

Pawa saplai ilipofunguliwa, kapasita mbili za mikrofaradi 2200, volti 10, zilikuwa zimevimba vichwa, na moja ilikuwa na ukoko wa kahawia. Kapasita za upande wa umeme mkubwa hushika zaidi ya volti 300 hata baada ya waya kuchomolewa, kwa hiyo boksi hilo halifunguliwi nyumbani na mtu asiyejua kuziondolea chaji. Kubadilisha hizo mbili kunawezekana: mikrofaradi zile zile, volti sawa au zaidi, za nyuzi 105, zenye ukinzani mdogo wa ndani, na alama ya hasi ikae ilipokuwa. Hapa haikufanyika. Feni yake nayo ilikuwa imelegea na bodi imeungua rangi, kwa hiyo ilibadilishwa nzima.

Pawa saplai mpya za kuaminika si rahisi kupatikana Kigoma mjini siku hiyo hiyo. Kuagiza Dar es Salaam au Mwanza ni kusubiri basi, kwa hiyo nyingi zinazouzwa ni mitumba. Mtumba unapimwa kabla ya kulipia. Kuunganisha waya wa kijani na mweusi ili feni izunguke hakuthibitishi chochote, kwa sababu hata iliyokufa nusu huzungusha feni. Funga taa ya gari ya volti 12, wati 55, kwenye waya wa njano na mweusi, na uchomeke pia diski kuukuu ili mstari wa volti 5 nao uwe na mzigo. Taa inavuta kama ampea 4.6. Acha dakika kumi na mita ikiwa imeshikwa. Ya kwanza iliyojaribiwa ilishuka hadi 10.9 na kurudishwa dukani. Ya pili ilikaa 11.9 bila kuyumba, ikachukuliwa.

UPS iliyokuwa chini ya meza, kifaa chenye betri cha kuishikilia kompyuta umeme ukikatika, ilikuwa pambo. Betri yake ya volti 12, ampea-saa 7, ilisoma 12.7 ikiwa haina mzigo, ikaporomoka hadi 8.9 ilipofungiwa taa ile ile ya gari. Iliwekwa betri mpya ya ukubwa huo huo. UPS hiyo ina stabilaiza ndani yake, kwa hiyo jioni inapandisha volti yenyewe. Zile zisizo na stabilaiza hukimbilia betri kila umeme ukishuka na kuimaliza ndani ya miezi michache. Kompyuta hii na kioo chake hutumia kama wati 120, na UPS ya VA 650 inatoa muda wa kutosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Si ya kumalizia filamu.

Betri ya shilingi elfu chache

Betri ya duara ya CR2032 kwenye madabodi ilisoma volti 2.2 badala ya 3. Ndiyo inayolinda saa na mipangilio ya bayosi, programu ndogo ya kwenye madabodi inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, wakati umeme umezimwa ukutani, na familia hii huzima soketi kila usiku kwa kuogopa radi, jambo zuri msimu wa mvua. Tarehe ikirudi 2007, vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana havijaanza kutumika, na kivinjari kinakataa. Hakukuwa na kirusi.

Betri ikabadilishwa, pawa saplai ikafungwa, na faili la diski.img likamwagwa juu ya SSD mpya, diski isiyozunguka, ya GB 240. Kompyuta ikawaka kwa mara moja. Kisha, nembo ya Windows ilipotokea, ukaja ukurasa wa bluu wenye namba 0x0000007B.

Hapa ndipo SSD isiyo na kosa hurudishwa dukani. Namba hiyo maana yake Windows imeanza kupakiwa lakini imeshindwa kuifikia diski yake yenyewe. Kutoa betri kulirudisha bayosi kwenye mipangilio ya kiwandani, na mpangilio wa SATA, yaani namna madabodi inavyoongea na diski, ukawa AHCI, ilhali Windows hii iliwekwa na fundi ikiwa kwenye IDE, namna ya zamani. Ilitosha kuingia kwenye bayosi, kurudisha IDE, kuhifadhi na kutoka. Ikawaka. Kwa sababu hii mipangilio yote ya bayosi inapigwa picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa, kabla ya kugusa betri. Kama betri imeshajifia yenyewe, kumbuka tu kwamba 7B baada ya kubadilisha betri ni suala la mpangilio, na jaribu ule wa pili kabla ya kulaumu diski.

Vumbi na ramu

Vumbi lilikuwa jingi na baya. Moshi wa mkaa na mvuke wa mawese kutoka jiko la nje huingia dirishani na kulifanya vumbi linate kama lami, kwa hiyo kupuliza peke yake hakutoshi. Blade za feni zilisafishwa kwa brashi ya meno yenye spiriti, feni ikiwa imeshikiliwa isizunguke. Spiriti za duka la dawa zinatofautiana, na yenye mafuta ndani huacha utando. Paka tone kwenye kioo likauke. Likiacha ukungu, usiitumie kwenye prosesa. Pesti ya joto iliyokauka ilifutwa, ikawekwa mpya kiasi cha punje ya mchele. Pini nne za hitisinki, chuma cha kupoza prosesa, zilisukumwa kwa kukingamana, kisha zikakaguliwa upande wa nyuma wa madabodi kama zimetokeza zote. Ikibaki moja haijatokeza, hitisinki inakaa upande. Joto kwenye ukurasa wa bayosi lilishuka kutoka nyuzi 68 hadi 45.

Hata hivyo vumbi halikuwa mwuaji katika kisa hiki. Prosesa za aina hii zikizidiwa na joto hujipunguzia kasi, na zikizidi sana huzima kompyuta yote papo hapo. Hazigandi huku mshale unatembea. Usafi ulihitajika, na ungefanywa peke yake kompyuta ingerudi kwa fundi wiki ileile.

Ramu ilitolewa, meno yake yakasuguliwa taratibu kwa ufutio mweupe wa penseli, mabaki yakapulizwa, na Memtest86+, programu ya kupima ramu, ikaachwa ipite mara nne. Makosa sifuri.

Windows ile ile

Kabla ya kubadilisha chochote kwenye programu, kompyuta ilirudi sebuleni ikiwa na Windows ile ile, iliyonakiliwa ilivyo. Lile faili moja lililoharibika lilirudishwa kwa amri ya sfc /scannow, basi. Daftari likaendelea siku sita. Asubuhi sita iliwaka mara ya kwanza. Haikuganda hata mara moja, si mchana, si saa mbili usiku. Mzee alisoma daftari lote, akauliza kwa nini basi ilipigwa windo mara mbili. Jibu la haki ni kwamba Windows ndiyo sehemu inayoonekana kwenye kioo, na iliyokuwa ikiharibika haionekani bila mita.

Baada ya siku hizo sita ndipo ilipokuja hoja ya kuihama. Windows 7 haijapata marekebisho ya usalama kwa watumiaji wa kawaida tangu Januari 14, 2020, na watoto wanaingia intaneti kila siku. Iliwekwa Linux Mint ya Xfce, ambayo kima chake cha chini ni GB 2 za ramu na inapendekeza 4. Vipande viwili vya DDR2 vya GB 2 kila kimoja vilipatikana kwenye kompyuta chakavu iliyokuwa ikiuzwa kwa vipuri. Kabla ya kuiweka, mpangilio wa SATA ulirudishwa AHCI, kwa kuwa SSD hufanya kazi vizuri zaidi hapo na Linux haijali. Mihtasari ya kikoba inafunguka kwa LibreOffice. Jedwali moja lilihama upande na kurekebishwa kwa mkono. Printa ilitambuliwa yenyewe.

Picha zote sasa ziko mahali pawili: kwenye SSD, na kwenye ile diski ya nje ya GB 500, ambayo inakaa chumbani kwa mama na huchomekwa Jumapili tu. Diski ya zamani haikutupwa wala kupewa mtoto aichezee. Imefungwa kwenye mfuko mkavu pamoja na karatasi yenye tarehe, namba zake za 5 na 197, na maneno ya mzee kwa herufi kubwa: MBOVU. USIFOMATI.